Mkono wa Mzee Pasikali

Nilipangiwa Kasulu mwaka 2012, nikitokea kwetu Tarime na begi moja na hasira zangu zote. Jina langu ni Ghati. Kazi yangu ni kunyoosha viungo vya watu vilivyokataa kunyooka: magoti, migongo, mabega, na zaidi ya vyote mikono. Wagonjwa waliniita daktari wa mazoezi, nami nilichoka kuwaeleza kwamba sikusomea udaktari. Hospitali ilinipa chumba kimoja chenye kitanda, meza, mipira mitatu na dirisha linaloangalia maegesho ya magari.

Ukikaa na mikono ya watu unajifunza mambo ambayo hukutumwa. Mimi nilijifunza kukisia umri wa mtu kwa silaha aliyovaa. Njia ya Kibondo hadi Kasulu ilikuwa na msitu, na msitu ulikuwa na watu wake, kwa hiyo wafanyabiashara wengi walitafuta kibali cha silaha. Wale wa miaka thelathini na arobaini walivaa bastola bapa za magazini, zile ambazo lazima uzikoki kwanza ndipo zipige. Wazee walivaa rivolva, zile nene tumboni zenye kipipa cha risasi sita kinachozunguka. Vijana walisema wazee ni washamba tu, wamekwama zama za mkoloni. Wazee walisema rivolva haina magazini ya kukwama. Hayo yalikuwa maneno ya barazani. Ukweli ulikuwa mezani kwangu. Kukoki bastola kunataka mkono mmoja ushike kwa nguvu na mwingine uvute chuma kilichobanwa na springi, na mkono wa miaka sitini na tano wenye baridi yabisi hauna nguvu hiyo. Rivolva inataka kidole kimoja. Mzee hakuichagua kwa sababu anaipenda, ila hapendi kulisema hilo mbele za watu.

Mzee Pasikali aliletwa kwangu Julai 2013, akiwa na miaka sitini na tisa. Alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi juani, na viatu vilivyopakwa rangi mpaka kwenye soli. Ujana wake wote alisafirisha chumvi kutoka Uvinza kwenda Kibondo, baadaye akaingia kwenye maharage, akajenga ghala nyuma ya soko la Kibondo na nyumba ndogo ubavuni mwake. Mkewe alikuwa amefariki. Mtoto wake pekee, Veronica, alikuwa ameolewa Tabora. Aliishi peke yake, akipika mwenyewe na kufua mwenyewe, na alilisema jambo hilo kama mtu anayetaja cheo.

Nilimsalimia kwa Kiha changu cha kuombea maji. "Mwakeye, mzee."

Akacheka, akapiga makofi polepole kifuani, kama wanavyosalimiana wazee wa huko. Nilinyoosha mkono, naye akaendelea kupiga makofi mpaka nikaurudisha. Nilidhani ni heshima ya kikwao. Baadaye nilikuja kuona kwamba hakumpa mtu yeyote mkono, hata padri. Aliwapigia makofi wote, nao wakamsifu kwa kushika mila.

Nilipofunga mlango alivua koti, akaingiza mkono kiunoni kwa shida, akatoa rivolva na kuilaza mezani kwangu. Akafungua kipipa chake kwa kukisukuma na kiganja, akainamisha, risasi sita zikaanguka ndani ya kibakuli cha chuma ninachowekea pamba.

"Nataka kidole hiki kivute," akasema, akinionyesha kidole cha shahada cha mkono wa kulia.

Niliwaka. Nilimwambia hapa ni hospitali, si uwanja wa shabaha, na kwamba akirudi na kitu hicho nitaita mlinzi. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kukunja uso.

"Ego, mwana wanje," akasema, yaani ndiyo, mwanangu. "Sitarudi nacho. Lakini hujaniuliza ninachoogopa."

"Unaogopa nini?"

"Mwaka tisini na sita fisi mwenye kichaa aliingia sokoni Kibondo mchana. Alikuwa ameshang'ata watu wawili. Nilimpiga mara moja, akiwa hatua kumi. Soko zima liliona. Tangu siku ile sijapiga tena, na sijahitaji. Wakiniona na koti hili wanamkumbuka fisi. Sasa kuna mtu anangoja mkono huu ufe. Siku atakayojua umekufa, atakuja."

"Mtu gani?"

"Nikikutajia utashindwa kusalimiana naye. Wewe tengeneza kidole."

Nilidhani anazungumzia majambazi wa msituni. Wazee wengi waliniletea hofu zao pamoja na magoti yao, na nilishazoea kuzisikiliza nusu nusu. Nilianza kazi.

Hatukuwa na kifaa cha kupimia nguvu ya mkono, kwa hiyo nilitumia mkanda wa presha. Nilikuwa naukunja, naujaza upepo kidogo, nampa mgonjwa aubane, nami naangalia mshale wa kipimo unapanda mpaka wapi. Mtu mzima mwenye afya anaupeleka mbali, mpaka mia mbili na zaidi. Mkono wa kulia wa Mzee Pasikali uliishia hamsini. Wa kushoto, ambao uliwahi kubanwa na lori la chumvi huko nyuma na kuunga vibaya, haukusogeza mshale hata kidogo. Nilimpa mpira wa kubonyeza. Nilimpa kibanio cha nguo, akibane na kukiachia kwa kidole gumba na cha shahada, mara thelathini asubuhi na thelathini jioni. Na kwa kuwa hatukuwa na mafuta ya kupashia viungo, alileta nta ya nyuki ya kwao Kibondo, tukaiyeyusha kwenye sufuria, ikapoa kidogo, akachovya mikono yote miwili na kukaa nayo kama imevaa glavu za njano. Chumba kilinukia asali mpaka jioni. Wakati huo tu ndipo nilipomwona akipumzika.

Aliyekuwa akimleta, Jumanne moja kila baada ya wiki mbili, alikuwa Evaristi, mtoto wa marehemu mdogo wake. Kijana wa miaka thelathini na sita hivi, shati limenyooshwa, gari dogo limeoshwa hata kama njia ilikuwa vumbi tupu. Alimfungulia baba yake mkubwa mlango, akambebea mfuko wa nta, akamngoja barazani saa nzima bila kulalamika. Wauguzi walimpenda. Mimi pia nilimpenda, niseme kweli. Nilizoea kuona wazee wanatupwa pale getini kama mizigo, na huyu alikuwa anakuja na chupa ya chai.

Siku moja mwezi wa tisa nilitoka kuwasindikiza, nikawakuta barazani wanataniana. Evaristi alikuwa ameinua shati kidogo, bastola yake mpya inaonekana, bapa na nyeusi.

"Baba mkubwa, hicho chako kipeleke makumbusho," akasema. "Hii inabeba kumi na tano. Chako sita, ukizipiga umekwisha, unaanza kuomba radhi."

Watu waliokuwa kwenye benchi wakacheka. Evaristi akatoa magazini, akakoki mara mbili kuhakikisha iko tupu, akamnyooshea mzee. "Jaribu. Vuta tu hapa."

Mzee Pasikali naye akacheka, tena kwa sauti. "Hiyo inataka mikono miwili. Ni ya watu wenye nafasi. Jambazi akikukuta umeshika kikombe cha chai, utamwambia angoje uweke kikombe? Mimi nataka kidole kimoja tu."

Benchi zima likampigia makofi. Evaristi akacheka pamoja nao na kurudisha bastola yake kiunoni. Mzee alikuwa ameingiza mikono yote miwili kwenye mifuko ya koti, na nilimwona Evaristi akiiangalia ile mifuko. Aliiangalia kidogo kuliko inavyostahili kukumbukwa, lakini mimi nimeikumbuka.

Mpaka mwezi wa kumi mshale ulikuwa umefika themanini. Mzee alifurahi mpaka akanitania kwamba ataniposea mume Mha, nikaache hasira za Kikurya. Kisha mvua zikaanza. Kwa mwenye baridi yabisi mvua za huku ni adui wa siri, zinaingia kwenye viungo usiku kucha. Novemba vifundo vya vidole vyake vilivimba kama vya tangawizi. Mshale ulirudi hamsini, halafu arobaini, halafu thelathini. Kibanio cha nguo kikawa kinamponyoka na kuanguka sakafuni, naye anakiangalia pale chini bila kuinama.

Jumanne ya mwisho ya mwezi ule alikuja na jeraha la moto kwenye mkono wa kushoto, kuanzia kifundo hadi karibu na kiwiko. Birika lilikuwa limemponyoka. Alikuwa amefunga jeraha kwa kitambaa alichokikaza kwa meno. Shati lake lilikuwa na vifungo viwili tu vilivyofungwa, vingine vimefichwa na koti.

Nilisafisha lile jeraha nikiwa na hasira, na hasira zangu zina mdomo. "Mzee, hii imetosha. Unahitaji mtu wa kukaa na wewe nyumbani. Wa kukupikia, wa kukufunga vifungo."

"Nikileta mtu wa kunifunga vifungo, keshokutwa soko zima linajua."

"Na likijua? Utakufa kwa aibu?"

"Sitakufa kwa aibu," akasema.

"Basi nitamwambia kijana wako. Yeye ana akili kuliko wewe."

Mzee Pasikali alinishika kiganja. Ilikuwa mara ya kwanza kunishika. Vidole vyake vilinizunguka bila kunibana, kama vya mtu aliyelala.

"Oya, hapana. Usimwambie mtu, mwana wanje. Hata yeye. Hasa wanaonileta."

Nilifunga bandeji. Nilijiambia kwamba kunyamaza si kuahidi, na kwamba tangu nianze kazi nimekuwa nikimweleza msindikizaji hali ya mgonjwa, maana msindikizaji ndiye anayerudi naye nyumbani. Ndivyo kazi inavyofanyika huku. Mgonjwa si wa peke yake, ni wa watu waliomleta. Ningemwachaje mzee wa watu aungue na birika lingine kwa sababu ya fisi wa mwaka tisini na sita?

Mzee alipokwenda kupanga foleni ya dawa, nilitoka hadi kwenye gari.

"Dokta, mzee anaendeleaje?" Evaristi akauliza, akishuka haraka kwa adabu. "Sisi anatuficha."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa nia njema, kama mtu anayemkabidhi mwenzake mzigo mzito waubebe wote. Kwamba mkono wa kulia umekwisha. Kwamba hata kibanio cha nguo haubani. Kwamba atafutiwe mtu wa kulala naye nyumba moja, au ahamie kwake.

"Na wa kushoto?"

"Wa kushoto ndio kabisa."

"Kwa hiyo hata kitu kidogo tu, kama hivi..." Akainua kidole cha shahada hewani, akakikunja mara mbili, polepole.

"Hata hicho hawezi," nikasema.

Alitikisa kichwa kwa huzuni. Nilidhani anafikiria msitu na majambazi, na kwamba sasa atakuwa mwangalifu zaidi njiani. "Asante, dokta. Ni vizuri tujue," akasema. Mzee alipofika alimshika kiwiko, akamkalisha, akavuta mkanda wa gari na kumfunga kifuani. Mzee Pasikali alinitazama kupitia kioo, akanipigia makofi ya kuaga. Nami nikampungia nikiwa na amani moyoni.

Wiki mbili baadaye, Jumanne yao ilipofika, hawakuja. Nilipasha nta, ikapoa, nikaipasha tena. Alhamisi yake simu ikaita, namba ngeni. Alikuwa Veronica, binti yake, aliyeikuta namba yangu kwenye kijitabu cha baba yake. Alikuwa ametoka Tabora usiku wa jana yake. Baba yake alikuwa ameuawa, mazishi ni Ijumaa.

Nilikwenda Kibondo kwa basi, katika msafara uliosindikizwa na askari wawili kwa sababu ya msitu. Nyumba ilijaa watu, turubai limefungwa kutoka ukuta wa ghala. Veronica alikuwa mwanamke wa umri wangu, macho makavu. Alinipeleka pembeni kwa sababu alitaka kujua jambo, na ili alijue ilibidi aniambie mengine.

Ilikuwa Jumapili mchana. Mvua kubwa ilikuwa inapiga mabati, jirani hakusikia hata sauti. Mlango haukuvunjwa. Baba yake alipigwa kichwani kwa mchi wa kwake mwenyewe, uliokuwa jikoni. Alikutwa sakafuni ameshika rivolva kwa mikono yote miwili. Vidole viwili vya shahada, cha kulia na cha kushoto, vyote vilikuwa vimeingizwa kwenye triga, kimoja juu ya kingine, vimekwama hata ikabidi kuvitoa kwa kuvizungusha. Risasi zote sita zilikuwamo. Hakuna hata moja iliyoguswa na nyundo ya rivolva.

"Baba alikuwa na shabaha," Veronica akasema. "Aliiona hatari, akaitoa, akashika. Kwa nini hakupiga? Wewe ulikuwa unamtibu mikono. Niambie."

Nilimwambia mikono ilikuwa imekwisha. Akalia hapo, kwa mara ya kwanza, na kusema kwamba yeye mwenyewe hakujua. Hakuna aliyejua. Kibondo nzima ilikuwa inaendelea kumwogopa.

Wakati analia mimi nilikuwa nimeganda kwenye ule mchi. Mtu haingii mikono mitupu kwenye nyumba ya mwenye rivolva, akategemea atakachokikuta jikoni. Haendi hivyo labda awe anajua.

Evaristi alikuwa mbele ya turubai, anapokea wageni, anapanga viti. Nikamuuliza Veronica kama shauri lolote lilikuwapo kati ya baba yake na mtu.

"Lilikuwapo na huyo huyo," akasema, akimwonyesha kwa kidevu. "Alidai nusu ya ghala ni ya baba yake. Baraza la kata lilimpa baba haki, mwaka juzi. Lakini walishapatana. Wewe mwenyewe umeona, ndiye aliyekuwa anamleta kwako."

Nilikaa kwenye benchi. Sina ushahidi wa kupeleka mahakamani, na sikuwa nao siku ile. Nina kidole kilichokunjwa mara mbili hewani kando ya gari. Mzee alikuwa amejua tangu mwanzo, akakubali kupanda gari lile kila safari, kwa sababu kukataa kungekuwa kukiri kwamba anaogopa. Koti, makofi, na utani wa barazani ndivyo alivyobaki navyo. Mimi nilivitoa vyote kwa dakika mbili, nikiwa na hasira kwa sababu ya vifungo.

Baada ya maziko, askari mmoja wa upelelezi, mtu mpole mwenye daftari, aliniita kwenye kibaraza. Veronica alikuwa amemweleza mimi ni nani. Akaniuliza hali ya mikono ya marehemu, nikamweleza. Akaandika. Kisha akauliza swali ambalo nilijua litakuja.

"Mbali na wewe, nani mwingine alijua kwamba mzee hawezi tena kuvuta triga?"

Evaristi alikuwa hatua nne kutoka pale, amebeba viti viwili, kila mkono kiti. Hakuviweka chini. Alisimama tu, ananisikiliza bila kunitazama.

Watu hudhani mtu hunyamaza kwa kuogopa kufa. Hiyo hofu ilikuwapo, siikatai. Lakini kilichonifunga mdomo kilikuwa aibu. Kumtaja yeye kulikuwa kumwambia Veronica, pale pale, kaburi likiwa bado bichi, kwamba mimi ndiye niliyemwambia Evaristi.

"Mimi peke yangu," nikasema.

Askari akaandika, akafunga daftari. Evaristi akapeleka viti vyake alikokuwa anavipeleka.

Mabasi ya Kasulu yalikuwa yamekwisha ondoka na ule msafara wa askari. Nilikuwa nimesimama kando ya njia nikifikiria kulala wapi, gari dogo likasimama, limeoshwa. Alishuka akanifungulia mlango wa mbele. Waombolezaji walikuwa wanatuangalia, na kukataa mbele yao kulikuwa kusema kila kitu. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha mzee. Alisubiri nifunge mkanda.

Tulipita msitu wote. Redio ilikuwa imezimwa. Karibu na Makere, taa za kwanza zinaonekana, ndipo aliposema.

"Dokta, Jumanne uko kazini?"

"Niko."

"Nitakuletea mama. Magoti yanamsumbua."

Alimleta kweli. Mama mfupi, mcheshi, asiyejua lolote. Nilimpima, nikampaka nta iliyobaki ya Mzee Pasikali kwa sababu nyingine sikuwa nayo, nikamfundisha kunyoosha mguu akiwa amekaa. Nilipotoka kuosha mikono, Evaristi aliinuka kwenye benchi akaja karibu, shati lake limenyooka.

"Dokta, mama anaendeleaje?"

Nikamwambia amuulize mwenyewe.